Kipimo cha Nazi Katika Mafuta ya Mawese: Sabuni Iliyotuchoma Msikitini

Mzee wa kwanza kutulalamikia alikuwa yule ambaye kila siku huwatangulia wenzake kufika kwa swala ya Alfajiri. Alinyoosha viganja vyake chini ya taa ya barazani, akatuuliza ni kitu gani tulichokiweka katika visahani vya mahali pa kutawadhia. Ngozi kati ya vidole vyake ilikuwa nyekundu kama iliyomwagikiwa maji ya moto, na ile mipasuko ya mpini wa jembe, ambayo kila mkulima wa Unyamwezi anayo, ilikuwa imefumuka upya. Tukamwambia ni sabuni, tena sabuni yetu wenyewe, kazi ya mikono ya akina mama wa msikiti. Akatujibu kwa upole, "Wanangu, sabuni huondoa uchafu. Hii inaondoa ngozi."

Kabla ya Adhuhuri walikuwa wamekuja wengine watatu, na mama mmoja wa upande wa Isevya alileta habari za mtoto mchanga ambaye nepi zake zilifuliwa kwa sabuni hiyo, akawa analia kila anapofungwa. Hapo ndipo sisi wa kamati tulipotambua kwamba jambo hili si la mzee mmoja mwenye ngozi nyepesi. Tumeamua kulieleza katika ukurasa huu, kwa ridhaa ya akina mama wenyewe, kwa sababu tunasikia vikundi vingi vya misikiti na vya mitaa vikiianza kazi ya sabuni, na kosa lililotupata sisi ni jepesi mno kumpata mtu yeyote anayeanza.

Asili ya mradi ilikuwa njema. Posho za walimu wa madrasa zilikuwa nyuma kwa miezi kadhaa, na michango ya kila Ijumaa haikutosha kuzifidia. Jumuiya ya akina mama ikatoa rai kwamba hakuna nyumba isiyonunua sabuni, na kwamba mafuta ya mawese hushushwa Tabora kila wiki kutoka Kigoma. Kamati ikatoa mtaji wa dumu moja la mawese la lita 20, pamoja na kostiki soda, ile kemikali nyeupe ya chengachenga ambayo wauzaji huiita kostiki tu. Maelekezo yalitoka kwa ndugu yetu mmoja aliyejifunza kazi hiyo Pwani na akaifanya kwa miaka mingi bila malalamiko. Aliyaandika kwa mwandiko safi: kwa kila kilo moja ya mafuta, gramu 175 za kostiki.

Maelekezo yale yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa letu, nalo lina uhusiano na mahali tulipo.

Msomaji anaijua historia ya mji huu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikashuka magharibi hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 walipokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, na hadi leo wageni huja kuitazama ile tembe ya Kwihara ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, haikufanya zaidi ya kuufuata ule ule mwendo wa miguu. Kwa hiyo tangu zamani kila kitu katika soko letu kina upande wake kilikotoka. Nguo, shanga na mazao ya mnazi hutoka mashariki. Chumvi ya Uvinza, dagaa na mawese hutoka magharibi. Sisi tulikaa pale pale katikati ambapo pande mbili hukutana, tukachukua kipimo cha mashariki tukakitia katika mafuta ya magharibi. Ndugu yetu wa Pwani alikuwa akitumia mafuta ya nazi. Hakuandika hivyo katika karatasi yake, kwa sababu huko aliko, mtu akisema mafuta ya sabuni, anayemsikiliza haulizi ni ya nini.

Kumbe kila mafuta yana haki yake katika kostiki. Sabuni huzaliwa pale kostiki na mafuta vinapokutana na kubadilishana, kila kimoja kikapoteza ukali au ulaini wake, na kukabaki sabuni pamoja na gliserini. Vikikutana kwa kiasi kinacholingana, kostiki huisha kabisa. Haibaki hata chembe ya kumchoma mtu. Mafuta yakizidi kidogo, sabuni huwa laini na yenye huruma kwa ngozi. Kostiki ikizidi, ile iliyokosa mafuta hubaki imejificha ndani ya kipande ikingoja maji na mkono wa mtu.

Kilo moja ya mafuta ya nazi humaliza karibu gramu 183 za kostiki. Kilo moja ya mawese humaliza karibu gramu 141 tu, na mafuta ya ng'ombe hayako mbali na hapo. Pamba, ambayo jirani zetu wa Igunga wanaikamua, ni kama gramu 138, na alizeti ni 135. Jambo lililotushangaza kuliko yote ni habari ya mise. Mafuta ya mise hukamuliwa katika kokwa ya ngazi ile ile ambayo nyama yake hutoa mawese, lakini tabia yake huelekea upande wa nazi na hutaka kostiki nyingi kuliko ndugu yake. Basi hata anayesema kwamba anatumia "mafuta ya mchikichi" hajasema jambo la kutosha.

Sababu yake tulielezwa na mwalimu mmoja wa sayansi wa sekondari, muumini wa msikiti wetu, kwa mfano ambao akina mama waliupenda. Fikirini misafara miwili, alisema, yenye uzito sawa ukiipima yote kwa pamoja. Mmoja ni wa watu warefu na wanene, na mwingine ni wa watu wafupi na wembamba. Huo wa pili lazima uwe na watu wengi zaidi. Minyororo ya mafuta ya nazi ni mifupi na ya mawese ni mirefu, na kostiki haijali uzito bali huhesabu vichwa.

Wanaoijua kazi hawatumii kile kiwango cha mwisho chote. Hupunguza kama sehemu 5 katika kila 100, ili mafuta ndiyo yazidi na wala si kostiki. Ndivyo zile gramu 175 za Pwani zilivyopatikana: ni 183 zilizopunguzwa. Kwa mawese, hesabu hiyo hiyo inatoa gramu 134. Maji ya kuyeyushia kostiki hiyo yatakuwa kama gramu 300 kwa kila kilo ya mafuta, na yakizidi kidogo madhara yake ni kwamba sabuni itachelewa kukauka.

Hilo lilikuwa kosa moja. La pili lilikuwa la aibu zaidi, maana halihitaji kemia. Maelekezo yalisema kilo, sisi tukapima kwa lita. Dumu la lita 20 tulilihesabu kuwa kilo 20, na hali mafuta ni mepesi kuliko maji; dumu lile lilikuwa na kilo 18 hivi. Tulipoketi baadaye na daftari tukaona wazi. Tulitia kilo 3 na nusu za kostiki. Kiasi kilichotakiwa kilikuwa kilo 2 na gramu 400. Hata mawese yale yangemaliza kila chembe waliyoweza kumaliza, yasingevuka kilo 2 na gramu 540. Karibu kilo moja nzima ya kostiki ilikuwa haina mwenzake. Sabuni ile tuliikata vipande 140, na kwa hiyo katika kila kipande alichoshika mzee wetu usiku wa Alfajiri kulikuwa na karibu gramu 7 za kitu ambacho mafundi bomba hukitumia kuzibulia mifereji.

Bibi mmoja, ambaye aliwahi kutengeneza sabuni ile miaka ya mwanzo ya 1980 wakati sabuni ya dukani ilikuwa ni ya kupangia foleni, alitusikiliza tukihesabu akatikisa kichwa. Wao, alisema, walichuja majivu, wakapika na mafuta ya ng'ombe, na hawakuwahi kushika mizani. Ni kweli, lakini maji ya majivu ni jamaa wa mbali na mpole wa kostiki. Hutoa sabuni laini ya kuchotwa kwa kidole, na nguvu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kukosea hakukuwa na adhabu kubwa. Hata neno alikali, wanalolitumia wanakemia dunia nzima kwa vitu vya jinsi hii, limetokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, kama vile sabuni yenyewe ilivyokuja kwetu na jina lake la Kiarabu. Kostiki ya kiwandani ni karibu safi kabisa. Ustadi wa macho na vidole aliokuwa nao bibi yetu hauwezi kuipima, na kikombe cha chai nacho hakiwezi, kwa kuwa chenga kubwa na chenga ndogo hazijazi kikombe kwa uzito mmoja.

Majina nayo yanapoteza watu. Magadi ya kulainishia maharage, soda ya kupikia mandazi na kostiki soda zote huitwa "soda" dukani, na zote ni nyeupe. Mama mmoja wa kikundi jirani alitumwa kostiki akarudi na magadi. Mafuta yake yakakataa kushikana hata baada ya siku mbili. Alipata hasara ya mafuta tu. Anayekosea kwa upande wa pili, akaweka kostiki jikoni penye mahali pa magadi, hasara yake hatutaki kuifikiria.

Tulipokwisha kujua kosa lilipo, likabaki swali gumu kuliko hesabu. Vipande kama 60 vilikuwa vimekwisha kutoka. Vingine vilikuwa vimeuzwa baada ya swala, vingine vimetolewa zawadi kwa wajane, na viwili vilikuwa vimewekwa katika sanduku la vifaa vya kuoshea maiti. Kikao cha kamati kiliitishwa usiku ule ule baada ya Isha. Ndugu mmoja alitoa rai kwamba tuviondoe vilivyoko msikitini, tuwafuate wanunuzi mmoja mmoja kimyakimya na kuwabadilishia, lakini tusitangaze. Hoja yake haikuwa ya mtu mbaya. Alisema kwamba mradi wa akina mama ni mchanga, na mji wa Tabora ni mdogo. Neno likisemwa mimbarini asubuhi limefika Gongoni, jioni limefika Kaliua, na hakuna atakayenunua tena sabuni ya msikiti hadi Kiyama.

Imamu wetu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatukumbusha ile hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mvua hakuileta yeye, wala hakulaumiwa kwayo. Alilaumiwa kwa sababu iliyoloa ilikuwa chini na iliyokavu ilikuwa juu. Nasi, akasema Imamu, kostiki iliyozidi tumekosea kwa kutojua, lakini kuanzia usiku huu tunajua.

Tangazo likatolewa baada ya swala ya Ijumaa, likataja kosa bila kulipamba: sabuni ina kostiki iliyozidi, inachoma, irudishwe hata ikiwa imetumika nusu, na kila mtu atarudishiwa fedha yake. Akina mama waligawana mitaa wakapita nyumba kwa nyumba. Yalipita majuma mawili, na vipande vyote vilipatikana isipokuwa 9. Mama aliyekuwa kiongozi wa mradi alilia siku ile ya tangazo, jambo ambalo tunaliandika kwa sababu wapo walioliona wakadhani amefukuzwa. Hakufukuzwa. Maelekezo aliyapokea kutoka kwa kamati, na kamati haikumuuliza mtu wa Pwani swali hata moja.

Vipande 131 havikutupwa. Sabuni iliyozidiwa na kostiki inaponyeka ikiwa makosa yake yanajulikana kwa hesabu, kwa sababu kinachokosekana ni mafuta tu. Tulipiga hesabu tukaona inahitaji mawese lita 8 na nusu zaidi. Akina mama waliikwangua yote kwa vikwaruzio, wakiwa wamevaa glavu, wakaiyeyusha kwa moto mdogo na maji kidogo ndani ya nusu pipa la chuma, kisha wakaongeza mawese taratibu huku wakikoroga, hadi mchanganyiko ukawa rojo moja nzito isiyo na mafuta yanayoelea. Ilichukua muda wa kutoka asubuhi hadi karibu na Alasiri. Ikamiminwa upya katika masanduku ya mbao yaliyotandikwa nailoni, ikakatwa, ikapangwa rafuni ikiwa na nafasi ya kupitisha hewa.

Katika kundi la pili, lililopimwa vizuri, tulikutana na hatari ya namna nyingine. Tulikuwa tumefundishwa, kama wengi wanavyofundishwa, kwamba kostiki ikishayeyushwa iachwe usiku kucha ipoe. Ikaachwa, ndani ya ndoo ya plastiki, kwenye baraza ya madrasa, imefunikwa kwa sinia. Maji ya kostiki yakishapoa hayana rangi wala harufu. Ndoo yake haina tofauti na ndoo ya maji ya kutawadha. Alfajiri mtoto mmoja wa madrasa aliyewahi kufika aliondoa sinia akachovya kata. Alhamdulillahi, mama mmoja alikuwa anaingia langoni akapiga ukelele, mtoto akashtuka, kata ikaanguka, na matone yakamrukia mguuni. Alipelekwa bombani na mguu ukashikiliwa chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20 kwa saa, ingawa yeye mwenyewe alidai baada ya dakika 3 kwamba amepona. Alama iliyobaki ni ndogo kama punje ya mahindi.

Tuseme wazi kile ambacho kingetokea kama angekunywa, maana wazazi wengi hawakijui. Kostiki huunguza mdomo na umio kwa nukta chache, na mtoto akinusurika, majeraha yanapopona huacha makovu yanayolibana umio hadi chakula kikashindwa kupita. Mtoto wa namna hiyo huweza kuhitaji kupanuliwa umio hospitalini mara kwa mara kwa miaka. Aliyemeza kostiki asitapishwe, kwa sababu kinachorudi juu huunguza mara ya pili. Asinyweshwe siki wala limau kwa nia ya kuua ukali. Asukutuliwe kinywa kwa maji na akimbizwe hospitali wakati huo huo, pamoja na chombo alichonywea ili daktari ajue ni nini. Ikiingia jichoni, jicho lifumbuliwe chini ya maji yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali vilevile. Wapo wanaopendekeza kupaka siki penye ngozi iliyorukiwa. Maji mengi ndiyo dawa ya kwanza, na siki inampotezea mgonjwa wakati.

Tangu siku ile hatulazi kostiki. Inayeyushwa asubuhi, nje, mahali penye upepo unaotoka nyuma ya mkorogaji, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kukaa kando ya ndoo hadi ipoe. Ndoo yenyewe ni nyekundu na ina mfuniko wa kukaza, nayo haitumiki kwa kazi nyingine. Anayekoroga huvaa glavu, miwani ya kujikinga na nguo ya mikono mirefu. Buibui peke yake halitoshi, kwani tone likipenya kitambaa hushikamana na ngozi. Na siku zote kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku maji yakiwa baridi. Mwenye kuyamimina maji juu ya kostiki atayaona yakichemka ghafla na kumrukia usoni, maana kuyeyuka kwake pekee hutoa joto la kuweza kufanya ndoo isishikike.

Sufuria za alumini, ambazo ndizo kila nyumba inazo, hazifai hata kwa dakika moja. Siku ya kwanza kabisa tulianza na sufuria ya pilau ya msikiti. Ikatoa povu, ikawa nyeusi, na mvuke ukapanda kwa nguvu kiasi cha kututoa wote jikoni. Baadaye tukaelezwa kwamba kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, na wakati ule jiko la mkaa lilikuwa hatua mbili kutoka pale tulipokuwa. Sufuria ilitoboka. Chuma, chuma kisichoshika kutu na plastiki ngumu ndivyo vyombo vya kazi hii, na mwiko wa mbao hudumu siku chache kisha huanza kumomonyoka. Chupa za soda na za maji ya kunywa zisitumike kabisa kuhifadhia kostiki, iwe kavu au iliyoyeyushwa.

Kostiki iliyofunguliwa nayo ina ujanja wake, hasa kwetu kati ya Novemba na Aprili. Hunyonya unyevu na hewa, ikawa nzito kwenye mizani na dhaifu kwenye kazi. Anayeitumia atapata sabuni yenye mafuta isiyotaka kukauka, na akidhani kipimo ni kidogo, ataongeza, kisha siku akifungua mfuko mpya ataunguza watu. Nunua ya kutosha kazi iliyopo na uifunge kwa kukaza. Tuongeze pia kwamba kemikali hii iko chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kikundi kinachotaka kuuza sabuni nje ya mtaa wake kina njia ya kupitia SIDO kwa mafunzo na TBS kwa alama ya ubora. Sisi tungeokoa sufuria na viganja vingi kama tungeanzia huko.

Sabuni ikishakatwa huachwa ikomae majuma 4 hadi 6. Muda huo haufuti kostiki iliyozidi kwa kipimo kibaya, kama baadhi ya wanaoanza wanavyoamini. Kazi yake ni kuikamilisha na kuikausha sabuni iliyopimwa vizuri. Mwalimu wetu wa sayansi alituletea karatasi za kupimia ukali. Sabuni njema husoma kama 9 au 10. Ile ya kwanza, tulipoipima kwa ajili ya kumbukumbu, ilivuka 12. Sasa kila kundi lina mstari wake katika daftari: tarehe, aina ya mafuta kwa jina lake kamili, uzito wake kwa kilo, gramu za kostiki, jina la aliyepima na jina la aliyehakiki kipimo, na mwishowe namba ya karatasi. Hakuna kipande kinachotoka rafuni kabla ya mstari kujazwa.

Tulipoirudisha sabuni iliyopikwa upya katika visahani vya kutawadhia, yule mzee wetu wa Alfajiri aliitazama kwa muda kabla ya kuigusa. Akanawa, akasuuza, akainusa mikono yake, akavikunja na kuvikunjua vidole. Baada ya swala alikuja kwa akina mama akachukua vipande viwili na kulipia kimoja. Cha pili, alisema, ni fidia ya viganja vyake. Katibu aliandika hivyo hivyo katika daftari la mauzo.